Ugali wa muhogo bila samaki: kisa cha mama anayenyonyesha Buhongwa

Mama wa kisa hiki ana miaka 29, anaishi Buhongwa jijini Mwanza, na alipokuja kwangu alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Alilalamika kwamba anachoka kabla jua halijapanda, kwamba nguo alizovaa kabla ya ujauzito zinampwaya, na kwamba nywele zinabaki kwenye kitana. Hilo la nywele sikulipa uzito. Miezi mitatu minne baada ya kujifungua nywele hutoka kwa wanawake wengi, hata wanaokula vizuri. Uchovu na kukonda ndivyo vilivyonishughulisha. Uzito wake ulikuwa kilo 56. Nafanya kazi ya ushauri wa lishe, na nimebadilisha mambo machache ili familia isitambulike.

Nyumbani kulikuwa na mvutano. Mume ni Msabato, na kwa muda mrefu sasa ameamua kwamba nyumba yake haitapika nyama wala samaki. Kanisa lake linahimiza kula vyakula vya mimea, ila samaki mwenye mapezi na magamba halimkatazi. Uamuzi ni wake yeye, na aliniambia hivyo kwa heshima na bila kutetereka. Upande wa pili yuko mama mzazi wa mume, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, aliyekuja kusaidia kulea mjukuu. Kwake yeye mzazi kukaa kando ya ziwa bila mchuzi wa sato ni aibu ya ukoo mzima. "Mwanangu," alikuwa akimwambia mkwewe, "huyu mtoto atanyonya nini kwako, maji ya mchicha?" Mume naye alikuwa na jibu lake: "Mama, ng'ombe anakula majani na maziwa anatoa."

Swali nililoletewa ni kama mama huyu anaweza kupata protini ya kutosha bila samaki. Anaweza. Mamilioni ya watu duniani wanaishi hivyo na wana afya njema. Lakini kuweza ni jambo moja na kupata ni jingine, na nilipopiga hesabu ya sahani yake niliona hapati.

Tuanze na mahitaji. Shirika la Afya Duniani pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti iliyotoka mwaka 2007, waliweka kiwango salama cha mtu mzima kuwa gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 56 ni kama gramu 47. Anayenyonyesha katika miezi sita ya kwanza huongezewa karibu gramu 19, kwa hiyo huyu anahitaji kama 66. Kiwango hicho kimepangwa kwa protini bora, inayosagika vizuri tumboni kama ya yai au maziwa. Ya nafaka na mikunde kwa kawaida husagika kwa asilimia 75 hadi 85, nyingine hutoka ilivyoingia. Ndiyo maana kwa mtu anayekula mimea mimi huwa nalenga juu kidogo, na kwake niliweka lengo la gramu 75 hadi 80.

Aliponieleza chakula chake kwa mdomo kilisikika kizuri: asubuhi viazi vitamu na chai ya rangi, mchana ugali na mchicha, jioni ugali na maharage, na siku za kukosa maharage, kisamvu au mlenda. Mtu akisikia maharage anatulia. Niliomba kwenda nyumbani kwake jioni moja na mizani ndogo ya jikoni, na hapo ndipo kisa kilipofunguka.

Alikuwa amechemsha nusu kilo ya maharage kwa watu sita: mume, shemeji yake, mama mkwe, watoto wawili wa shule na yeye. Nusu kilo ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 100 za protini. Ukiigawa sawasawa kila mtu anapata kama 18, na wengine ni watoto. Sufuria, kwa maneno mengine, ilikuwa na kitu. Akapakua. Bakuli la wanaume likatangulia, upawa ukizama hadi chini na kupanda na punje tupu. Kisha likaja la mama mkwe na watoto. Yeye alibaki jikoni akimnyonyesha mdogo, na alipomaliza akamimina kilichobaki kwenye sahani yake, mchuzi mwekundu wenye kitunguu na nyanya, mzuri wa kutowelea. Nilimwomba ruhusa nikachuja ule mchuzi na kupima punje zilizobaki kwenye chujio. Zilikuwa gramu 60. Hizo zina protini gramu tano tu. Bakuli la mume na mdogo wake lilikuwa na karibu gramu 600.

Hakuna aliyekusudia kumnyima. Mume alipoona namba zile alinyamaza kwa muda, kisha akasema hajawahi kutazama sahani ya mkewe kwa sababu huwa anakula wakati wao wameshanawa. Nadhani hiyo ni hali ya nyumba nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, na ni hatari zaidi katika nyumba ya mikunde kuliko ya samaki. Samaki huhesabika kwa vipande, na mtu akikosa chake inaonekana. Maharage hayahesabiki, na mchuzi unaficha.

Lakini upawa haukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa lilikuwa kwenye unga.

Ugali wa nyumba ile ulikuwa sehemu mbili za muhogo na moja ya sembe. Mama mkwe alipokuja alileta makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, kwa gunia, wakayapeleka mashineni, na kwa kuwa hayakununuliwa yakawa msingi wa chakula cha mchana na jioni. Mama huyu kwa siku anakula ugali uliotokana na unga wa kama gramu 300. Unga wa dona una protini gramu nane hadi tisa katika kila gramu 100. Wa muhogo una moja au mbili. Angekula dona, gramu 300 zingempa kama 25. Kwa mchanganyiko ule alikuwa anapata 11. Mchanganyiko ukizidi kuwa wa muhogo mtupu, kama ulivyokuwa siku ambazo sembe imeisha, anabaki na nne au tano, na pengo linakuwa la gramu 20, yaani karibu sawa na ile nyongeza yote anayodaiwa na kunyonyesha.

Jumla ya siku yenye maharage ilikuwa hivi: viazi vitamu 5, mchicha 4, ugali 11, maharage 5, na vitu vidogo vidogo vya katikati 3. Gramu 28. Siku isiyo na maharage ilikuwa chini ya hapo. Na sijagusa suala la kusagika.

Hapa nataka kusema kitu ninachokiamini sana kuhusu vyakula vya kanda yetu. Ugali wa muhogo wa visiwani na ufukweni haukuwahi kuwa chakula cha peke yake. Ulijengwa juu ya samaki. Muhogo unaleta nguvu, na dagaa au sato analeta protini, na kwa pamoja ni mlo uliokamilika uliolea vizazi Ukerewe na kwingineko. Bara, kwa Wasukuma wa Kwimba na wa vijiji vya Misungwi na Magu vilivyo mbali na ziwa, ambako samaki hawafiki kila siku, mlo ulijengwa kwa namna nyingine: mtama, uwele au mahindi, pamoja na choroko, dengu, kunde na karanga, na mboga za majani zikaungwa kwa karanga. Nao ni mlo uliokamilika. Nyumba hii ya Buhongwa ilichukua unga wa visiwani ikaacha samaki wake, na ikachukua mboga za majani za bara ikaacha karanga na choroko zake. Ilibeba nusu dhaifu ya kila upande. Mama mkwe aligombea samaki aliyekosekana, mume akatetea mimea, na unga ukapita katikati yao bila mtu kuutazama.

Muhogo una jambo la pili ambalo watu wa ufukweni wanapaswa kulijua, na silisemi kumtisha mtu. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, watu walianza kupooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Hutokea pale muhogo mchungu unapoliwa bila kuandaliwa vya kutosha, hasa wakati wa ukame na njaa, na mlo ukawa hauna protini. Muhogo mchungu una kemikali zinazozaa sianidi. Kuloweka, kuvundika na kuanika juani huiondoa sehemu kubwa, na ile inayobaki mwili wenyewe huiharibu, ila kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini tunayokula. Kwa hiyo anayekula muhogo kila siku ana matumizi ya ziada ya protini, wakati muhogo wenyewe haumpi. Makopa ya mama mkwe yalikuwa yameandaliwa vizuri, nilimuuliza hatua kwa hatua na anaijua kazi yake. Mama wa kisa hiki hakuwa na dalili yoyote ya konzo. Lakini ningependa kila nyumba inayoacha samaki na kubaki na muhogo ilijue hili kabla ya msimu mbaya kufika.

Sasa kuhusu ubora. Watu husema protini ya mimea si kamili, na wana sababu. Protini imeundwa kwa amino asidi, na baadhi yake mwili hauwezi kuzitengeneza. Mahindi yana upungufu wa mojawapo, laisini. Mtu wa kilo 56, hata asiyenyonyesha, anahitaji kama miligramu 1,700 za laisini kwa siku, na gramu 300 za dona humpa kama 700 tu. Gramu 100 za maharage makavu peke yake zina karibu 1,500. Mikunde nayo ni hafifu kwenye amino asidi nyingine, methionini, ambayo nafaka inayo. Makande ni jibu la bibi zetu kwa hesabu hii, wala hawakuhitaji maabara. Si lazima pia viwili hivyo vikutane kwenye sahani moja. Mahindi mchana na choroko usiku vinatosha, mwili unajumlisha siku nzima. Ila muhogo hauingii kwenye ubia huu kwa sababu hauna cha kuchangia.

Na mama mkwe je, alikosea? Kuhusu maziwa kupungua, mtoto alikuwa anakua vizuri. Kadi ya kliniki ilionyesha mstari unaopanda bila kuyumba. Mama akikosa protini, maziwa kwa kiasi kikubwa hubaki na protini yake, kwa sababu mwili unaitoa kwenye misuli ya mama mwenyewe. Ndiyo maana mtoto alinenepa na mama akakonda, na ndiyo maana kumwangalia mtoto tu hakutoshi kujua hali ya mzazi.

Lakini kwenye jambo moja mama mkwe alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea ya kawaida tunayokula. Haimo kwenye maharage, mchicha wala karanga. Dagaa wanayo kwa wingi, na maziwa na mayai yanayo. Tofauti na protini, hii ikipungua kwa mama hupungua hata kwenye maziwa yake, na mtoto anayenyonya anaweza kuathirika ubongo na mishipa ya fahamu. Nilimweleza mume kuhusu ule mfano wake wa ng'ombe: ng'ombe anatengenezewa B12 na sehemu kubwa ya protini yake na vijidudu vilivyo ndani ya tumbo lake la kucheulia. Sisi hatuna tumbo hilo. Alisikiliza kwa makini, na sikuona akijikaza. Ni mtu anayetafuta kulinda familia yake, kama mama yake.

Nikawapeleka zahanati ya jirani akapimwe damu. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa gramu 10.2 kwa desilita, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isipungue 12. Uchovu wake kwa hiyo haukuwa wa protini peke yake. Alipungukiwa damu, na akapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki. Chai ya rangi aliyokuwa anashushia chakula ilichangia, maana inazuia chuma cha kwenye mboga na maharage kufyonzwa. Tuliisogeza mbele, saa moja au zaidi baada ya kula, na mezani tukaweka ndimu, chungwa au embe, kwa kuwa vitamini C inafanya kazi kinyume na chai.

Mpango wa chakula tuliupanga wote wanne tukiwa tumekaa ukumbini, na mkazo ukawa kwenye unga na upawa. Dona ikarudi. Muhogo haukufukuzwa, ila uliwekwa kuwa sehemu moja kwa tatu za dona, na kwa jioni moja moja. Mume aliuliza habari ya gharama, swali la haki. Hapa kanda ya ziwa inatubeba: choroko na dengu zinalimwa Kwimba, Misungwi na Shinyanga, na sokoni unaweza kununua kwa sado. Choroko zina kitu cha ziada ambacho mama wa nyumba anakipenda kuliko hesabu zangu, nacho ni kwamba zinaiva haraka bila kulowekwa, na mkaa unabaki.

Siku yake mpya ikawa hivi. Asubuhi viazi vitamu au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), kiganja kilichojaa cha karanga, kama gramu 40, na kikombe cha maziwa: gramu 22 za protini. Mchana makande, mahindi kama gramu 100 na maharage 60 yakiwa makavu: nyingine 22. Jioni ugali wa dona na choroko, pamoja na mchicha: kama 28. Kabla ya kulala kikombe kingine cha maziwa, au mtindi: 8. Jumla 80. Karanga nilisisitiza zichambuliwe. Punje iliyosinyaa, yenye ukungu au yenye uchungu itupwe, hata kama inauma, kwa sababu sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga.

Maziwa ndiyo yaliyomaliza mvutano. Mume hakuwa na kipingamizi cha kiimani kwa maziwa wala mayai. Hayakuwa yakinunuliwa tu. Vikombe viwili vya maziwa na yai moja vinamfikisha mama anayenyonyesha karibu na kiwango chake cha B12, ambacho ni mikrogramu 2.8 kwa siku. Mama mkwe aliuliza kwa nini tusiweke dagaa tu. Mimi mwenyewe ningependa dagaa: gramu 20 za waliokauka vizuri zina zaidi ya gramu 10 za protini, na B12 ya kutosha siku nzima. Lakini nyumba ina mwenyewe, na mpango usioliwa hauna faida. Nilimwambia pia kile anachokijua kuliko mimi, kwamba wakati wa mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati dagaa wengi na bei kwenye soko la samaki la Kirumba Mwaloni inapanda, kwa hiyo hata nyumba ya dagaa inahitaji choroko ghalani.

Na upawa? Nilipendekeza sahani ya mama ipakuliwe kwanza, kabla ya bakuli la wanaume, na ifunikwe mpaka atakapomaliza kunyonyesha. Nilitegemea ubishi kutoka kwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyesema, "Hiyo kazi niachieni mimi."

Nilimwona tena mtoto alipokaribia miezi saba. Mama alikuwa na kilo 58 na hemoglobini 11.8, bado haijafika tunapotaka, na vidonge anaendelea navyo. Uchovu wa asubuhi umeondoka. Ugali wa muhogo ulikuwa umerudi kuongezeka kidogo, kwa kuwa gunia jingine lilifika kutoka Ukerewe, lakini choroko zilikuwepo mezani karibu kila siku na mama alikula sahani yake ikiwa ya moto.

Kilichotushughulisha safari hii ni uji wa mtoto. Walikuwa wameanza na uji mwepesi wa muhogo na sukari, kosa lile lile la unga, sasa kwa mtoto ambaye tumbo lake ni dogo na hawezi kufidia kwa kula kingi. Tuliubadilisha kuwa mahindi au ulezi sehemu tatu na choroko sehemu moja, zikiwa zimekaangwa kidogo na kusagwa, uji ukawa mzito wa kutoteleza kwenye kijiko, na maziwa ndani yake. Kiangazi kinakuja, malisho yatakauka na maziwa yatapanda bei. Tumekubaliana kwamba ikifika siku hayapatikani, mama atatumia vidonge vya B12 na mtoto atapewa yai kila siku, na mume ameshaanza kujenga banda la kuku.